Nilijua Benchi Langu Linaumiza Mabega, Nikanyamaza

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali isome barua hii mpaka chini kabla hujaanza kunitukana, maana nimeshaiandika mara tatu na mara tatu nimeichana, na leo nikiichana tena najua sitaandika kamwe. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mitatu, kazi yangu ni kuchomelea, natengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma, na nyuma ya karakana yangu kuna chumba kirefu kilichokuwa stoo ambacho miaka tisa iliyopita nilikigeuza kuwa jimu ya mtaa, vyuma vyote vya humo nimevitengeneza kwa mikono yangu, benchi, nguzo, fito la chuma la kunyanyulia, hata uzito wenyewe tulimwaga zege kwenye makopo, na watu wananiita Jeki kwa sababu zamani niliwahi kunyanyua nyuma ya gari dogo lililozama kwenye mtaro, gari lilikuwa tupu lakini hilo husikii wakilisimulia.

Pale jimu ukutani, juu ya kioo, niliandika kwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye geti la mtu: HAKUNA KUUMIA HAPA. Na tukajiwekea sheria kwamba yeyote atakayetamka neno "naumia" akiwa ndani ya chumba kile anaongezewa kumi, awe amelala kwenye benchi au amesimama, awe mgeni au mwenyeji, anaongezewa kumi huku wenzake wakihesabu kwa kelele. Ilianza kama mzaha, mshauri, nakuapia, tulikuwa tunacheka mpaka machozi, lakini baada ya miaka mzaha ukawa sheria kweli na mimi ndiye niliyekuwa hakimu.

Sasa, miaka miwili iliyopita bega langu la kulia likaanza. Kwanza lilikuwa linakwaruza tu nikishusha fito nyuma ya shingo, halafu likaanza kunichoma nikivaa shati, halafu nikashindwa kulalia upande ule, na mimi kwa kuwa ni Jeki sikumwambia mtu, nilivuka mji mzima nikaenda hospitali ya mbali, nimevuta kofia mpaka kwenye nyusi kama mwizi. Huko akanipokea mtaalamu wa viungo, mama mmoja mfupi anayenifika kwenye kwapa, akanilaza kwenye kitanda chake na kunipa fimbo ya ufagio, akasema, "Haya baba, nionyeshe unavyonyanyua." Nikamwonyesha. Akasema, "Na unafundisha watu hivyo hivyo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mungu wangu."

Mama yule alinieleza kila kitu, mshauri, kila kitu, kwamba viwiko nisivitanue vikawa sawa na mabega bali nivirudishe karibu na mbavu, kwamba mikono isishike fito kwa upana uliopitiliza, kwamba kabla ya kunyanyua niyabane mabega nyuma yakae imara kwenye benchi, kwamba niache kabisa kushusha nyuma ya shingo, na kwamba kwa kila siku ya kusukuma uzito kuwe na siku ya kuuvuta. Nikamchorea benchi langu nyuma ya kadi ya miadi, akaweka kidole kwenye zile nguzo mbili zinazobeba fito, akasema, "Hizi ziko nyuma mno. Mtu wa mikono mifupi akinyoosha mkono kuchukua uzito huu, bega linang'oka kwenye benchi. Anaanza kuumia kabla hajaanza kunyanyua." Na kweli nguzo zile nilizipima kwa mikono yangu mwenyewe, nami nina mikono mirefu, na kwa fundi wa kuchomelea kuzikata na kuzisogeza ni kazi ya asubuhi moja tu, hata chai haipoi.

Sikuzikata. Sikumwambia mtu hata neno moja la yule mama. Kwa sababu ningezisogeza wangeuliza kwa nini, na ningesema kwa nini wangeuliza nimejuaje, na ningesema nimejuaje wangejua kwamba Jeki hawezi kuvaa shati bila kuuma meno. Kwa hiyo nikaanza kufundisha kwa mdomo, nikasema nimestaafu uzito mkubwa nawaachia wao, nikawa natembea tu na filimbi shingoni, napiga kelele.

Sasa nifike kwa shemeji yangu. Ameoa dada yangu wa mwisho, mdogo wangu niliyemlea baada ya wazazi kuondoka, na ni fundi plasta, tena si wa kuta tu, watu wanamfuata kwa ajili ya dari, anasimama kwenye jukwaa kutwa nzima mkono uko juu na mwiko, kazi yake inatoka laini kama karatasi. Ni mfupi, mikono yake mifupi, na mtu yule alinipenda, mshauri, sijui nikuelezeje, alikuwa ananiita Mwalimu hata sebuleni kwake. Akitoka kwenye dari anakuja kwenye benchi langu moja kwa moja na vumbi kwenye nyusi. Mimi namwambia, wewe una mabega ya kazi, ongeza. Anaongeza.

Miezi mitano iliyopita aliniuliza, tukiwa wawili tu tunakunja kamba, "Mwalimu, eti mtu akisikia kitu kinakwaruza humu ndani, ni nini?" Na alikuwa ameweka kidole palepale, mahali palepale pangu. Nikajua. Mshauri, nilijua kama ninavyolijua jina langu. Nikamwambia, "Unataka kusema lile neno?" Akacheka, akasema hapana, Mwalimu, naulizia tu. Nikamwongezea kumi kwa kuulizia.

Baada ya hapo dada yangu akaja karakana akiwa na binti yao mgongoni, akaniita nje, akasema, "Kaka, huyu mtu usiku hageuki. Nikimgusa bega anaruka. Mwambie apumzike, wewe ndiye anayekusikia, mimi ananiona mwoga." Nikamwambia, "Mwache mume wako awe mwanaume." Akaondoka. Hakugeuka nyuma.

Kila mwaka tuna siku ya kupima, kila mtu analala kwenye benchi ananyanyua uzito wake mkubwa kuliko wote, na majirani wanakuja kuangalia. Siku ile shemeji alikuwa na uso wa kijivu. Nikamwita pembeni nikampa vidonge viwili, vile vya maumivu nilivyopewa mimi hospitali, nikamwambia ni vitamini. Akameza bila maji. Akalala. Akanyoosha ile mikono yake mifupi kuelekea kwenye nguzo zangu, nikaona kwa macho yangu bega likiinuka kwenye benchi, nikapuliza filimbi.

Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya shuka likichanwa. Fito likalala upande mmoja, watu wawili wakalidaka lisimwangukie usoni. Akakaa. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye kidevu linadondoka. Na hakusema lile neno, mshauri. Aliangalia ukuta, akaniangalia mimi, akasema, "Nimeteleza." Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Hospitali wamesema kano inayoshika mkono kwenye bega imekatika, na kwa picha inaonekana ilikuwa imeanza kuliwa muda mrefu. Daktari alimuuliza mbele yangu kwa nini hakuja ilipoanza, maana wakati ule huenda ingetosha kupumzika na mazoezi. Sasa ni kupasuliwa, halafu miezi na miezi ya kujifunza kuinua mkono, na hata hivyo hawamwahidi kwamba atarudi kwenye dari. Anakaa nyumbani mkono umefungwa kifuani. Binti yake alizoea kunyanyuliwa aguse fremu ya juu ya mlango kila baba akirudi kazini, na sasa anasimama pale mlangoni anainua mikono yake, baba anamwambia kesho. Nimesikia kesho hiyo mara nne.

Kinachoniua ni kwamba wananishukuru. Shemeji anasema, "Usijilaumu Mwalimu, mimi ndiye mzembe, niliteleza." Dada yangu alinishika mkono kwenye korido ya hospitali akasema bila wewe na watu wako kuwepo pale fito lingemuua mume wangu. Nikaitikia. Nilisema, "Tumshukuru Mungu."

Na juzi, mshauri, kinyozi mmoja anayefanya mazoezi kwangu, mtu anayekula kwa kuinua mkono kutwa nzima, nilimwona kati ya raundi mbili anazungusha bega lake polepole, uso umekunjamana. Akatazama ukuta. Akalala tena kwenye benchi.

Naomba uniambie nifanye nini. Nimefikiria nikate zile nguzo kimyakimya nikiwa peke yangu, niseme zilikuwa zimelegea, nifute na maandishi niseme rangi imechakaa, halafu nianze kuwafundisha vizuri kidogo kidogo bila kuwashtua, na shemeji nimsaidie kwa kila njia bila kumwambia. Je, si itatosha? Nikisema ukweli nitampoteza dada yangu, ni yeye tu niliyebaki naye.

Wako,
Jeki

*

Jeki,

Nimeisoma mpaka chini kama ulivyoomba na njiani sikukutukana. Nilisubiri nifike hapa.

Haitatosha. Umeniuliza swali ukiwa na jibu mfukoni, unataka niligonge muhuri. Siligongi. Miaka miwili ulijua, na kila siku ya miaka hiyo uliamka ukapanga upya kutosema, na sasa unaniletea mpango mwingine wa kutosema, umeupaka rangi ya toba. Eti zilikuwa zimelegea! Bwana wee, hilo benchi lako ndilo kitu pekee humo ndani ambacho hakijawahi kulegea.

Nakuonea huruma, nalo nalisema wazi. Naijua hofu ya mtu ambaye watu wamempa jina kubwa na mwili umeanza kulikataa. Umekaa na maumivu peke yako, umevuka mji na kofia usoni, huna wa kumwambia kwa sababu wewe mwenyewe ndiye uliyelipiga marufuku neno. Ulijifungia humo kwanza, kabla ya wenzako. Lakini huruma yangu inaishia kwenye vile vidonge. Mtu alikuja kwako na bega linalolia, ukalifunga mdomo kwa dawa uliyoandikiwa wewe, ukaiita vitamini, ukamlaza mahali ulipoonyeshwa kwa kidole kwamba panaumiza. Halafu ukapuliza filimbi. Sina neno laini la kuweka hapo na sitalitafuta.

Sasa sikiliza, kwa sababu kuna mtu ambaye bado hajaumia sana na kila siku unayokaa na barua hii anasogea karibu na kitanda cha shemeji yako.

Leo, kabla hujafanya jambo jingine lolote, nenda kwenye kiti cha yule kinyozi. Usimsubiri jioni. Mwambie asiguse fito tena mpaka aonwe na mtaalamu wa viungo, na mpe anwani ya yule mama mfupi uliyemficha miaka miwili. Atakuuliza umemjuaje. Mwambie. Utaona kwamba dari haikuangukii.

Kisha funga jimu. Siyo milele, wiki mbili. Katika wiki hizo shika msumeno ukate zile nguzo, mchana, mlango ukiwa wazi, anayepita aone. Zichomelee mbele zaidi na uzitoboe matundu ili kila mtu aweke fito kwa urefu wa mkono wake, siyo wa kwako. Mimi si mtu wa vyuma, kwa hiyo sehemu hiyo ya barua yako nilimsomea mtaalamu wa viungo ninayemwamini, bila kumtajia wewe ni nani. Aliguna mara tatu. Anasema yule mama alikwambia sawasawa, na ameongeza machache. Mtu aanze na fito tupu mpaka mwili upate joto, siyo kuruka moja kwa moja kwenye uzito. Akishusha, fito lije sehemu ya chini ya kifua, lisije karibu na koo. Asimame mwenzake kichwani amsaidie kulitoa kwenye nguzo na kulirudisha. Uzito uongezwe kidogo kidogo kwa wiki, usiongezwe kwa kelele. Na hili alilisema kwa hasira: fundi dari na kinyozi wameshainua mikono kutwa nzima, mabega yao yanakuja kwako yakiwa yamechoka tayari. Hao siku nyingi wanahitaji kuvuta na kupumzika, na wewe uliwaambia wana mabega ya kazi, ongeza. Maumivu ya misuli iliyochoka yanaisha baada ya siku mbili tatu. Yanayochoma ndani ya bega, yanayomnyima mtu usingizi, au mkono unaoishiwa nguvu ghafla, hayo ni ya kuacha palepale na kwenda hospitali. Na dawa ya maumivu hainywewi ili mtu aweze kunyanyua. Yaandike hayo yote kwenye karatasi, kwa maneno yako, na uyabandike.

Sasa shemeji. Nenda ukiwa peke yako, yeye kwanza, dada yako baadaye, siku hiyohiyo, kwa sababu ukiruhusu alale na siri yako utakuwa umempa mtu mgonjwa mzigo mwingine. Usianze na "unajua shemeji, binadamu tunakosea." Anza na vidonge. Sema jina la dawa, maana daktari wake anatakiwa kujua. Kisha sema ile siku mnakunja kamba, alipoweka kidole begani, na wewe ukajua. Kisha benchi. Usilie kabla yake. Ukilia wewe kwanza atakubembeleza, namwona kabisa ni mtu wa namna hiyo, na utatoka pale umebembelezwa na mtu uliyemvunja.

Dada yako atasema maneno. Huenda akakufukuza. Huenda mlango ule ukakaa umefungwa mwaka mzima, au zaidi, sikufichi, na sina dawa ya hilo. Unasema ukisema ukweli utampoteza. Jeki, alikuja kwako na mtoto mgongoni akakuomba jambo moja, ukamrudisha mikono mitupu. Unachokishika sasa ni shukrani zake kwa mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Mrudishie hizo shukrani, si zako. Akifunga mlango usiugonge kila siku kudai msamaha. Mpeleke mume wake kwenye miadi yake akikubali, na asipokubali mtafutie wa kumpeleka. Mtafutie na kazi ya fundi isiyohitaji mkono juu, una watu wa ujenzi unaowafahamu, anza kuuliza. Na kwa jinsi ulivyoandika wewe mwenyewe naona huendi tena kwa yule mama. Rudi. Bila kofia.

Limebaki lile neno ukutani. Ulitaka kulifuta useme rangi imechakaa. Liache. Lifute siku ya kufungua jimu, mbele yao wote, lakini kabla ya kugusa brashi fanya kitu kimoja. Simama chini ya maandishi yako, chukua fito tupu, lisilo na kopo hata moja, uliinue mbele ya macho yao mpaka pale bega lako linapogoma. Wacha waone linapoishia. Usiligeuze mzaha, usiseme umestaafu. Halafu, kwa sauti ileile uliyokuwa ukiwahesabia kumi, sema: "Naumia."

Na usimruhusu mtu yeyote apige makofi.